MJADALA: Kura za mchujo ndo zimeua vyama vya Marekani, wazee wa chama warudishiwe funguo. Nani anabisha?

#1 (mleta mada)

Wakuu kwema? Hii mada naileta hapa sababu kijiweni kwetu imeshindikana, kila tukiianza inaishia Simba na Yanga.

Iko hivi. Tarehe 21 Julai 2024, siku ya Jumapili, Biden akatoa barua kwamba basi, sigombei tena. Muda mfupi baadae akamtaja makamu wake, Harris, na mwanzoni mwa Agosti wajumbe wa chama wakampitisha kwa kura ya mtandaoni hata mkutano mkuu wa Chicago haujaanza. Sasa watu zaidi ya milioni 14 walishampigia Biden kwenye kura za mchujo (zile za wapiga kura kuchagua mgombea wa chama), na hakuna aliyewauliza kama wanamtaka Harris awe mgombea urais. Kelele zikawa nyingi, Warepublican wakaita mapinduzi, na huku Bongo nikasikia watu wanacheka kwamba si hawa ndo walimu wetu wa demokrasia.

Mimi nasema kinyume. Zile wiki ndo wiki pekee kwa miaka mingi nimeona chama cha Marekani kikifanya kazi ya chama. Wakubwa wamemuona mtu wao alivyopoteana kwenye mdahalo wa Atlanta tarehe 27 Juni, wakapigiana simu, wakamwambia mzee pumzika. Kuchuja ndo kazi ya chama. Siku nyingine zote chama kule ni kama uwanja wa kukodi, anayekuja na mashabiki wengi ndo anacheza.

Naomba mnielewe, maana wengi wetu tunadhani Republican na Democrat ni vyama kama CCM. Sio kabisa. Hakuna kadi, hakuna ada, hakuna balozi wa nyumba kumi. Ukitaka kuwa Democrat unajaza fomu ya serikali ya jimbo unaweka tiki basi, na kuna majimbo kama Texas na Wisconsin hata hiyo tiki haipo, unafika tu siku ya mchujo unachukua karatasi ya upande unaotaka. Alafu chama hakiwezi kukata jina, na hapo ndo penyewe. Sisi tunakumbuka Dodoma Julai 2015, Lowassa ana watu, wajumbe wa Halmashauri Kuu wanaimba wana imani naye na bado jina halikurudi. Sasa angalia Trump 2016: wapinzani 16 ndani ya chama, karibu wakubwa wote hawamtaki, Romney aliyekuwa mgombea wao 2012 akasimama hadharani akamwita tapeli, na hakukuwa na kamati hata moja yenye kalamu ya kumkata. Kalamu yenyewe haipo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Illinois 1986. Democrat wana mgombea ugavana, Adlai Stevenson III, mtoto wa yule aliyegombea urais mara mbili miaka ya 50 akashindwa mara mbili. Siku ya mchujo, nafasi ya naibu gavana na ya katibu wa jimbo zikachukuliwa na watu wa Lyndon LaRouche, yani kikundi cha ajabuajabu, huyo LaRouche alikuwa anasema Malkia wa Uingereza anahusika na biashara ya madawa ya kulevya. Wapiga kura hawakuwajua hao wagombea, waliona majina mepesi kutamka wakatiki. Sasa sheria inasema gavana na naibu wake wanasimama pamoja. Chama kifanye nini? Hakina la kufanya! Ikabidi Stevenson atoke kwenye tiketi ya chama chake mwenyewe, aanzishe kachama kapya kakaitwa Solidarity, akagombee huko, akaangushwa. Mwenye nyumba kahama kamwachia mpangaji.

Na zamani haikuwa hivi. Lincoln 1860 hakupita kwenye mchujo wowote, alipitishwa Chicago kwenye banda la mbao walilolijenga kwa ajili ya mkutano wakaliita Wigwam, raundi ya kwanza mpinzani wake Seward anaongoza, raundi ya tatu Lincoln kamaliza, baada ya watu wake kuzunguka vyumba vya hoteli kubembeleza wajumbe jimbo kwa jimbo. Franklin Roosevelt 1932 alipita raundi ya nne baada ya Texas na California kugeuka, na Garner wa Texas akapata umakamu. Truman 1944 aliwekwa umakamu na wakubwa waliokuwa wanajua kabisa afya ya Roosevelt imeisha, wakamuengua Henry Wallace aliyekuwa makamu tayari na aliongoza raundi ya kwanza ukumbini. Aprili 1945 Roosevelt akafa. Hao watatu ndo tunawasifia kila siku, niambieni nani kati yao angeweza huu mchujo wa leo wa kuuza sura kwenye TV mwaka mzima.

Hoja yangu ndo hiyo, wazee warudishiwe funguo. Nawasilisha, njooni na hoja matusi peleka kwenu.

#2

Wajumbe sio watu wazuri. Kumbe ni dunia nzima 😂😂

#3

Mleta mada umeandika vizuri ila kuna chumba umekiruka makusudi, ngoja nikifungue.

Hao wazee wenye funguo unajua walikuwa wanamfungia nani nje? Chukua Texas. Kuanzia miaka kadhaa baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe hadi miaka ya 60 kusini kote chama kilikuwa kimoja, Democrat, ukishinda mchujo wao uchaguzi wenyewe wa Novemba ni sherehe tu. Sasa 1923 bunge la Texas likapitisha sheria mtu mweusi haruhusiwi kupiga kura kwenye mchujo wa Democrat. Daktari mmoja mweusi wa El Paso, Lawrence Nixon, akaenda mahakamani, 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema serikali haiwezi kubagua hivyo. Unajua walifanya nini? Wakasema sawa, sio serikali tena inayokataza, ni chama, na chama ni klabu binafsi ya watu kinachagua wanachama wake kinavyotaka. Na mahakama 1935 ikakubali!! Mpaka 1944 kwenye kesi ya Smith na Allwright, huyu Smith alikuwa daktari wa meno Houston, ndo mahakama ikageuka kwa majaji 8 kwa 1 ikasema hapana, mchujo ni sehemu ya uchaguzi.

Kwahiyo mkuu ukisema chama kiwe na mlango wake na funguo zake, hiyo hoja ilishatumika, na iliwatoa watu nje kwa miaka mingi.

Alafu 1964, Atlantic City. Fannie Lou Hamer, mama mkulima kutoka Mississippi, anakuja na wajumbe wao wa Freedom Democratic Party sababu ule ujumbe rasmi wa Mississippi ulikuwa wa wazungu watupu. Anakaa mbele ya kamati anaeleza alivyofukuzwa shambani alikoishi na kufanya kazi miaka 18 kisa kwenda kujiandikisha kupiga kura, na alivyopigwa mahabusu Winona. Rais Johnson kuona hivyo akaita waandishi wa habari haraka Ikulu ili kamera zimkate yule mama hewani. Jioni TV zikarudia ushahidi wake wote. Wazee wa chama wakawapa viti viwili, wakakataa. Sasa hao ndo wazee unaotaka warudi?

#4 (mleta mada)

Mkuu #3 heshima yako, hiyo point ni nzito sikatai. Ila angalia vizuri ulichokileta. Ile ya Texas ilikuwa KURA YA MCHUJO. Wazungu wa kawaida walijipanga wakapiga kura. Haikuwa wazee watano chumbani na sigara zao. Kwahiyo mchujo haukuzuia ubaguzi, ndo uliubeba. Tatizo lilikuwa ni kusini yenyewe.

#3

Walijipanga ndio, lakini nani aliamua nani aingie kwenye foleni? Kamati ya chama. Tunaongelea funguo si ndio? Sasa funguo ndo hizo.

#5

Mimi Mkenya hapa nataka kuuliza kitu. Mmewahi kuona vile Democrat wa Iowa walikuwa wanachagua? Wanaita kokasi. Watu wanakuja jioni kwa jimu ya shule, baridi ya Januari ama Februari nje, wanaenda kusimama kwa kona. Kona hii ya Sanders, kona ile ya Biden, watu wanahesabiwa vichwa. Kikundi chenye hakijafika asilimia 15 kinavunjwa, halafu jirani zako wanakuja kukuvuta mkono ati kuja kwetu, mimi ndio nilikusaidia kutoa theluji kwa mlango wako.

Sisi hiyo tunaijua, inaitwa mlolongo!! KANU 1988, unasimama nyuma ya mtu wako kila mtu akikuona, mwajiri wako akikuona, chifu akikuona, na mwenye amepata asilimia 70 amepita bila kura ya siri. Na kuna pahali mlolongo mfupi ulishinda mrefu na hakuna mtu angefungua mdomo. Tofauti ni moja tu, Iowa hakuna DC (mkuu wa wilaya) amesimama kando na kofia yake.

Na hata hivyo hao Iowa 3 Februari 2020 walitumia app mpya ya kutuma matokeo ikakwama, usiku mzima nchi inangoja, ikachukua siku kadhaa, na mgombea mmoja, Buttigieg, tayari ameshahutubia kama mshindi. 2024 Democrat wakaacha mambo ya kona wakatumia kura za posta. Kwa hivyo mleta mada mimi si wa wazee na si wa kila mtu, mimi ni wa kura ya siri. Mtu akiniona nikichagua sijachagua.

#6

Kaka zangu naomba nichangie, mimi niko Houston na uraia nimepata juzijuzi tu, 2022. Mwaka 2024 mchujo wa Machi ndo kura yangu ya kwanza Marekani.

Nilienda kabla ya siku yenyewe, kituo kilikuwa maktaba ya mtaani kwetu. Unaingia mama mmoja mtu mzima yuko mezani, anachukua leseni yako ya gari anaisoma kwenye kimashine, alafu anakuuliza Democrat au Republican. Hivyohivyo, kwa sauti! Nyuma yangu kuna foleni na jirani yangu yumo. Nikajikuta naangalia nyuma kama naibiwa. Nimezaliwa Tanga, nimekulia kwenye nchi ambayo ukiulizwa we chama gani unajibu kwa kuangalia anayeuliza ni nani. Nikataja, akatoa kikaratasi cha namba, nikaenda kwenye mashine. Wakuu ile orodha! Nilidhani nachagua rais na mbunge. Kuna majaji wa kila aina, wa kesi za familia, wa kesi za madai, wa kesi ndogondogo, ukurasa hauishi, majina ambayo sijawahi kuyasikia na nikatiki baadhi kwa jinsi yalivyokaa kwahiyo hao wa Illinois wa mleta mada mimi nawaelewa sana.

Ila kuna kitu hamjakigusa. Kuna jirani yangu mwingine wa zamani, moyoni ni Democrat kabisa, kampigia Obama mara mbili, lakini kahamia kaunti ya nje ya mji na huko kila mchujo anachukua karatasi ya Republican. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kule Novemba imeshaamuliwa, Republican yeyote anapita, kwahiyo anaenda kuchagua yule mwenye nafuu. Yani ni ileile ya #3, mchujo ndo uchaguzi, ila rangi ya chama imegeuka. Sasa mleta mada ukiwarudishia wazee funguo jirani yangu anabaki na nini? Hana Novemba na Machi umemnyang'anya.

#7 (mleta mada)

Dada wa Houston umenigusa. Ila jirani yako anavyofanya ndo kitu ninachokilalamikia, Democrat anaingia kuchagua mgombea wa Republican! Hebu Simba wakaruhusu Yanga wapige kura ya kocha.

#8

Na kama nusu ya nchi ina Simba peke yake na hakuna Yanga?

#9

Vijana wangu, mie niseme kidogo kwa sababu naona mnaruka mwaka wa maana kuliko yote. Mwaka 1968 nilikuwa darasa la saba, baba alikuwa na redio ya mkulima, habari za Marekani tulizipata jioni kwenye Sauti ya Amerika. Mwaka ule ilikuwa msiba juu ya msiba. Machi 31 Johnson anasema hagombei, vita vya Vietnam vimemshinda. Siku nne baadae Martin Luther King anapigwa risasi. Juni Robert Kennedy ameshinda mchujo wa California, anatoka kupitia jikoni la hoteli, anapigwa risasi, kesho yake anafariki. Nakumbuka mwalimu wetu wa historia aliingia darasani akakaa tu.

Sasa Agosti mkutano mkuu Chicago, chama kikamteua Humphrey, makamu wa rais. Huyu bwana hakugombea mchujo hata mmoja. Mmoja! Majimbo yenye mchujo yalikuwa machache, wajumbe wengi walikuwa mikononi mwa mameya na magavana, na meya Daley wa Chicago ndiye alikuwa mwenye shughuli. Nje polisi wake wanawapiga vijana virungu na mabomu ya machozi, TV inaonyesha moja kwa moja. Novemba Nixon akashinda. Hapo ndipo chama kikaunda tume, mwenyekiti seneta McGovern, kanuni zikabadilishwa, wajumbe wapatikane kwa uwazi, wanawake, vijana na weusi wawemo. Majimbo mengi yakaona njia nyepesi ya kutii ni kuitisha mchujo tu. Kwa hiyo mleta mada, mchujo haukuja kwa bahati mbaya, wazee wenyewe walijichimbia.

Mwaka 1972 Miami Beach, Daley anakuja na wajumbe wake 59 anakuta wamekataliwa kuketi kwa sababu hawakupatikana kwa kanuni mpya, na viti vyao vimekaliwa na kundi lingine aliomo Jesse Jackson. Daley! Aliyekuwa anaamua nani awe nani. Na mgombea akawa nani? McGovern, aliyesimamia kuandika kanuni. Novemba akapoteza majimbo 49, akabaki na Massachusetts na mji wa Washington.

Ndiyo maana 1982 wakaogopa wakarudisha wazee kidogo, wabunge na viongozi wa chama wakapewa viti vya bure mkutanoni, wenyewe wanawaita supadeligeti. Vijana wa Sanders, aliyekuwa anachuana na Hillary Clinton mchujo wa 2016, wakapiga kelele kwamba wale wamejazana upande wa Clinton kabla kura hazijapigwa, 2018 wakapunguzwa nguvu, raundi ya kwanza hawapigi kura mpaka mshindi awe ameshajulikana. Mnaona wenyewe inavyokwenda na kurudi.

#10 (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu #9. Hii ndo sababu napenda hili jukwaa. Ila mzee umenisaidia mimi, majimbo 49!

#9

Marahaba. Hujauliza Humphrey wa wazee alipata nini, naye alishindwa.

#11

Nyie mnagombania funguo za vyumba viwili kwenye nyumba ya vyumba viwili. Swali ni kwanini nyumba haina chumba cha tatu.

Katiba yao ya 1787 haina neno chama hata sehemu moja. Washington kwenye waraka wake wa kuaga 1796 aliwaonya kabisa juu ya vyama, na wakati anaandika, Hamilton na Jefferson waliokuwa mawaziri wake wameshagawana watu. Kilichofuata ni hesabu. Anayeongoza anachukua chote, wa pili hapati kitu, kwahiyo wa tatu ni mharibifu tu. Ross Perot 1992 alipata karibu asilimia 19 ya kura nchi nzima, kura za majimbo (zile za wajumbe wa kila jimbo, ndo zinazoamua rais) akapata sifuri. Theodore Roosevelt 1912, rais mstaafu, kanyimwa tiketi na wazee wa Republican (mleta mada hao wazee wako tena) akaanzisha chama chake akawa wa pili, akampita hata Taft aliyekuwa Ikulu, na kazi aliyoifanya ni kumpa Wilson urais kwa asilimia 42 ya kura. Nader wa chama kidogo cha Green 2000 kapata kura elfu 97 Florida, Bush kashinda Florida kwa kura 537. Baada ya hapo nani atathubutu?

Na kuna kamchezo wengi hawakajui. Zamani serikali haikuchapisha karatasi za kura, kila chama kilichapisha yake, yenye rangi yake, unapewa nje unaenda kuitumbukiza kila mtu anaona, aliyekununua anaona amepata mali yake. Massachusetts 1888 wakaanza kutumia karatasi ya serikali na kura ya siri, wakaigia Australia, majimbo mengine yakafuata. Safi, rushwa ikapungua. Lakini sasa serikali ikichapisha karatasi lazima mtu aamue nani awemo, na waliokuwa wanatunga hizo sheria ni nani? Republican na Democrat. Wakaweka saini elfu kadhaa, tarehe za mwisho, na majimbo mengi yakapiga marufuku vyama viwili kusimamisha mgombea mmoja, kitu ambacho ndo kilikuwa kinavipa uhai vyama vidogo kama Populist. New York bado inaruhusu, kwingi hakuna.

Chama cha mwisho kuingia kutoka nje ni Republican wenyewe. Kilianza kwenye vikao kama kile cha shule ndogo ya mbao Ripon, Wisconsin, Machi 1854, watu wamekasirika na muswada wa sheria ya Kansas na Nebraska wa kuruhusu utumwa usambae, chama cha Whig kinakata roho, miaka 6 baadae wako Ikulu na Lincoln kwa kura kama asilimia 40. Walipoingia wakafunga mlango.

#12

Asilimia 19 unapata sifuri?? Yani na mabango yote yale

#11

Sifuri mkuu. Mamilioni ya kura, sifuri. Ndo maana Maine wameenda kwenye kura ya kupanga namba, wa kwanza wako, wa pili wako, akikatwa wa kwanza kura inahamia. Alaska 2022 wameifanya hiyo, mchujo mmoja wa wote, wanne wanapita bila kujali chama. Uchaguzi mdogo wa mwaka huohuo Sarah Palin akaangushwa na Mary Peltola wa Democrat kwenye jimbo la Republican. Bado ni majimbo ya kuhesabu.

#3

Turudi kwa Biden maana ndo mada. Mleta mada unasema wazee walifanya kazi. Haya, huyo Harris wa wazee kapigwa na Trump kura za majimbo 312 kwa 226. Lakini sio hilo. Swali langu ni hao wazee walikuwa wapi 2023? Wao ndo waliopanga ratiba upya, South Carolina iwe ya kwanza badala ya Iowa na New Hampshire, South Carolina ndo iliyomwokoa Biden 2020. New Hampshire wakakataa sababu sheria ya jimbo lao inasema wao ndo wa kwanza, wakafanya mchujo wao Januari 2024 bila baraka za chama, Biden hata kwenye karatasi hayumo, watu wakaandika jina lake kwa mkono. Midahalo ya mchujo hawakuitisha hata mmoja. Mbunge mmoja, Dean Phillips, akajitokeza akasema jamani huyu mzee kachoka, wakamuona msaliti. Alafu Julai wazee haohao ndo wanashtuka kwamba mzee kachoka!

Walikuwa nazo funguo muda wote mkuu. Walizitumia kufungia wengine nje, nyumba ilipoanza kuungua ndo wakafungua dirisha.

#13

Hapo #3 umeua. Mleta mada jibu hilo usikimbie

#10 tena (mleta mada)

Sikimbii nilikuwa nakula. Kiukweli hilo la 2023 sina jibu zuri. Ila nalichukua hivi: sio kwamba walikuwa na nguvu nyingi, walikuwa na nguvu ya nusunusu. Rais aliyeko madarakani ndo anamiliki kamati kuu ya chama, anaweka mwenyekiti wake, kwahiyo kamati haiwezi kumwambia kitu mpaka aaibike mbele ya watu milioni 50 wa TV. Hiyo sio wazee, hiyo ni ofisi ya mtu mmoja. Wazee wa 1944 walikuwa na miji yao, na wapiga kura wao, na kazi za kugawa, walikuwa wanaweza kumwambia Roosevelt hapana huyu makamu hatumtaki na akawasikia. Wa leo hawana cha kumnyima mtu. Pesa mgombea anachangisha mwenyewe kwenye simu, matangazo anaweka mwenyewe. Sheria ya 2002 ilikata zile pesa kubwa zilizokuwa zinapita kwenye vyama, alafu 2010 mahakama ikaruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kumwaga pesa nje ya chama. Chama kimebaki jina na alama, punda wa Democrat na tembo wa Republican.

Kwahiyo nabadilisha kidogo. Nakubali funguo zote wasipewe, mama Hamer hapana, hiyo nimekubali. Ila angalau chama kiweze kusema huyu hapana, alafu nyie wapiga kura mchague kwa waliobaki.

#5

Na nani anaamua nani ni "huyu hapana"? Tumerudi palepale kwa chifu.

#14

Mnasema milango haipo, nyie New York mnaijua? Kule mchujo umefungwa, lazima uwe umejiandikisha kwenye chama mapema. 2016 Trump anagombea nyumbani kwao, watoto wake wawili Ivanka na Eric hawakuweza kumpigia kura baba yao Aprili sababu tarehe ya mwisho ya kubadili usajili wao kwenda Republican ilikuwa Oktoba ya mwaka uliotangulia 😂 Baba akasema wanajisikia vibaya sana. Na jimbo akalichukua vilevile.

#2

Na wewe dada wa Houston hujatuambia, yule mama wa maktaba ulimjibu upande gani?

#6

Hahaha kaka acha uchokozi, kura ni siri. Ila sio siri sana ujue, hilo ndo nililokuja kulijua baadae. Nani nilimchagua hakuna anayejua, lakini karatasi ya chama gani nilichukua inaandikwa, ipo kwenye daftari, mtu anaweza kuomba akaona. Mei kulikuwa na marudio kwa wale ambao hawakupata nusu, nikaenda maktaba ileile, mama yuleyule, safari hii hakuniuliza, mashine ilishamwambia niko upande gani na ule mwingine siwezi kuvuka mpaka mwaka uishe. Nikamuuliza wengine wako wapi mbona kupo kimya, akacheka akanipa stika.

Toka hapo simu haitulii. Wagombea wa bodi ya shule, wa ujaji, wananiita kwa jina la kwanza kama tumekua wote Chumbageni. Leo asubuhi peke yake meseji tatu, moja imeniita mwanachama.